Bunduki ya Bega la Kushoto

Shambani, Mto Milk, Montana
Jumapili, 9 Machi 1958

Mdogo wangu Iver,

Natumai kile kikohozi cha Krismasi kimekuacha na kwamba barua hii inakukuta umesimama kwenye meza yako ya kazi, si kitandani. Mimi mzima. Theluji bado imefika waya wa pili wa uzio, ila upande wa kusini wa ghala ardhi imeanza kuonekana. Ng'ombe wamezaa ndama kumi na wanne, na baridi imechukua mmoja. Mwambie wifi yangu Wilma kwamba matofaa makavu yalifika salama. Nilioka nayo keki nikawapelekea kina mama wa kanisani. Wakanisifu mimi badala ya yeye, nami sikuwasahihisha.

Mwanangu Norris na mkewe wanatarajia mtoto wa tatu. Wamehamia nyumba mpya kule Great Falls, na Norris ameniandikia kwamba kile chumba cha chini amekipaka rangi ya njano hafifu kwa ajili yangu. Sikuomba chumba.

Sasa jambo lenyewe. Nataka bunduki, na wewe ndiye fundi bunduki katika ukoo huu.

Uliondoka bondeni zamani, lakini kindi wa mashimo hujawasahau. Wamezidi. Wanachimba kwenye tuta la mfereji, kisha anakuja nyegere kuwafukua, na shimo la nyegere linameza ndoo nzima. Maji yakishalijua shimo hilo, tuta limekwenda. Kamati ya mfereji imeamua kwamba mwaka huu kila mwenye shamba atalinda kipande chake, na mwisho wa Juni watakagua. Atakayeshindwa, zamu yake ya maji atapewa jirani. Msimamizi wao, Orval Stitt, aliniletea habari hiyo mwenyewe. Akaniongezea kwamba mimi sitaweza mpaka nipate mwanamume wa kunisimamia tuta. Bila maji hakuna majani ya lusini, bila lusini hakuna ng'ombe, na bila ng'ombe kuna kile chumba cha njano.

Ataniambia mtu niweke sumu. Mwaka jana waliweka shayiri ya sumu. Mbwa wangu Bamse alikula kindi aliyeila, akafia chini ya ngazi ya jikoni akiniangalia. Sumu haitaingia tena kwenye ardhi yangu.

Bunduki aliyoacha marehemu mume wangu Halvor ni ya kulungu. Ina ratili tisa, inapiga teke kama punda, na risasi yake inaweza kwenda mpaka kwa jirani kumjulia hali. Nataka nyepesi, fupi, ninayoweza kutembea nayo tuta zima. Na iwe ya bega la kushoto. La kulia lina baridi yabisi. Usiniulize zaidi ya hapo.

Dada yako,
Ragna


Lewiston, Idaho
2 Aprili 1958

Dada yangu Ragna,

Barua yako ilikaa wiki mbili chini ya kikapu cha Wilma cha kushonea. Usinilaumu mimi. Kikohozi kimeisha, isipokuwa asubuhi. Hapa miplamu imechanua na Wilma ameshaanza kugombana na majirani juu ya kuku wao. Anakusalimu sana. Anasema sifa za keki ubaki nazo, ila mwakani utume siagi.

Pole kwa Bamse. Hukuwa umeniambia.

Haya, bunduki. Umesema nyepesi. Kila anayeingia dukani kwangu anasema nyepesi, kwa sababu anainyanyua mara moja kutoka ukutani na kuirudisha. Bunduki ya ratili nne ni tamu kubeba na chungu kulenga. Inatetemeka na mapigo ya moyo. Mtu anayetembea na kupiga akiwa amesimama anahitaji uzito kidogo mbele, kwenye mtutu, ili itulie. Kwa mwanamke wa kimo chako ningesema ratili sita.

Halafu risasi. Ile ndogo ya kawaida, ya ishirini na mbili, ni rahisi na haipigi kelele, lakini ni ya risasi nzito inayokwenda polepole. Ikigusa maji au udongo mgumu inaruka, na hujui itatua wapi. Wewe utakuwa unapiga kando ya mfereji uliojaa maji, kwa hiyo hiyo siitaki. Zile mpya za kasi kubwa zinafika mbali kuliko unavyohitaji, na zitaamsha bonde zima. Katikati kuna moja waiitayo Hornet, yaani nyigu. Unene wa risasi yake ni mdogo vilevile, lakini ganda lina baruti zaidi. Risasi yake ikigusa udongo inavunjika papo hapo. Inatosha kindi, inatosha sungura wa kitoweo, na kwa hatua mia inatosha hata nyegere. Teke lake hata paka hashtuki.

Shida ni bega la kushoto. Viwanda vyote vinaweka mkono wa kukokia upande wa kulia. Ukipigia bega la kushoto, kila risasi utavusha mkono mbele ya uso wako. Hilo si jambo dogo, na ndiyo maana fundi lazima aulize hata alipokatazwa.

Nipimie kutoka kwenye kiwiko mpaka pale kidole cha shahada kinapokunjika. Niambie umbali, na nini kiko nyuma ya tuta. Kisha fanya jambo moja. Nyoosha mkono, elekeza kidole gumba kwenye bomba la moshi la jirani, macho yote wazi. Fumba jicho la kulia, kisha la kushoto. Niandikie kidole kilihama ulipofumba lipi.

Habari za baridi yabisi siulizi. Napima tu.

Mdogo wako,
Iver


Shambani
14 Aprili 1958

Iver,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi. Tulikuwa na Pasaka ya matope. Nilikwenda kanisani kwa trekta, na mchungaji alifurahi kuliko waumini. Theluji imeisha, na kindi dume wameshatoka. Wanasimama wima kwenye tuta kama wajumbe wa kamati.

Kutoka kiwiko mpaka kidole ni inchi kumi na mbili na robo tatu. Wengi huwapigia hatua arobaini mpaka themanini. Nyuma ya tuta upande wa kaskazini ni mlima mtupu. Upande wa kusini ni malisho ya farasi wa jirani yangu Eulalie LaRocque. Huko sipigi, ila napiga nikiwa natoka huko.

Kuhusu kidole. Nilipofumba jicho la kulia kidole hakikuhama. Nilipofumba la kushoto, hilo halikuhusu.

Orval Stitt alipita jana na gari lake akaegesha langoni bila kushuka. Aliuliza kama nimeshapata mtu. Nikamuuliza mtu wa nini. Akasema anavyojua yeye, mjane wa miaka sitini na minne hutafuta mtu wa kumsaidia, na kwamba si aibu. Nikamwambia mume wangu alikuwa hodari wa mambo mengi, ila tuta hilo nilikuwa nalilinda mimi wakati yeye anakata lusini, tangu Orval mwenyewe akiwa anavaa kaptula. Akawasha gari.

Maji yanafunguliwa baada ya wiki mbili. Ukichelewa, nitakuwa napiga kindi kwa ufagio.

Ragna


Lewiston
6 Mei 1958

Dada yangu,

Natumai hamjambo wote. Sisi tuko salama, Wilma ana jino linalomsumbua. Kazi dukani ni nyingi kupita kiasi.

Nimetafuta bunduki inayokufaa na sijaipata. Kwa hali yako naona heri tusubiri mpaka vuli, tutazame tena. Huenda mwaka huu ukamwachia Orval kipande chako, ukapumzika. Norris ni mtoto mwema na chumba kipo. Kupumzika kwa miezi ya joto si kuhama.

Utunze bega.

Iver


Shambani
Jumapili, 18 Mei 1958

Iver,

Mpe pole wifi yangu kwa jino. Angoe, asisikilize ya watu. Ndama wanakua, nyasi zimeota, na mfereji umejaa.

Nimesoma barua yako mara tatu. Miaka yote ya kuandikiana hujawahi kunijazia karatasi nusu. Kwa bunduki huwa unaandika pande zote mbili, na pembeni.

Jumapili iliyopita ilikuwa Siku ya Mama. Norris alikuja peke yake na keki ya dukani. Tulikula, tukazungumza habari za watoto, kisha akaanza habari za chumba. Nikamwambia chumba kizuri, akilaze mtoto. Akasema, "Mama, hata mjomba anaona kwamba ndivyo ilivyo busara." Nikamuuliza mjomba amejuaje. Akaanza kukata keki ambayo ilikuwa imeshakatwa. Nilimsubiri. Ilibidi aseme kwamba alikupigia simu mwezi wa nne, akakuomba usinitumie bunduki, nawe ukakubali.

Sikumfokea. Nilimfungia vipande vya keki kwenye karatasi, nikamsindikiza mpaka garini.

Sasa nisikilize. Hulijui jambo lote, na yeye pia halijui, kwa sababu sikumwambia mtu. Bega langu halina kitu. Jicho la kulia limezimika. Lilianza vuli iliyopita, kama mtu anayefunga pazia kutoka pembeni, na kufikia Januari likawa limefungwa. Daktari wa mjini Havre aliita presha ya macho, akanipa matone. Nadhani ulilikisia tangu nilipokuandikia habari za kidole. Basi sasa umeambiwa na mimi mwenyewe, huna haja ya kunizunguka.

Nitakuambia na lingine, ingawa litakupa nguvu dhidi yangu. Nilipoona hutumi kitu, niliazima kwa Eulalie bunduki yake ya ishirini na mbili. Nilipiga kindi aliyekuwa ukingoni, nikiwa nimeelekea kusini kinyume cha nilivyokuandikia, nikamkosa. Risasi ikagusa maji ikaruka kama jiwe wanalochezea watoto. Nilisikia imegonga nguzo ya uzio wake, na farasi wakakimbia. Nilikwenda kuitazama ile nguzo. Farasi jike na mwanawe walikuwa wamesimama hatua nne kutoka hapo. Nilirudisha bunduki siku ileile na kumweleza Eulalie kila kitu.

Ulisema kweli kuhusu risasi hiyo, na ulijua nitakwenda kuiazima, kwa sababu unanijua. Usiponipa inayofaa nitapata isiyofaa. Chagua.

Siendi Great Falls. Msalimie Wilma.

Ragna


Lewiston
27 Mei 1958

Ragna,

Sina salamu ndefu leo. Wilma ameng'oa jino, anakusalimu kwa upande mmoja wa mdomo.

Ni kweli nilimwahidi Norris. Alilia kwenye simu. Sikujua la kumwambia mtu mzima anayelia, nikasema ndiyo. Kisha nikashindwa kukuandikia, na nilipoandika niliandika uongo. Hilo ni kosa langu na ninalikiri.

Lakini kwa kuwa tunasema yote, nami nina langu. Miaka hamsini sijalitaja. Nikiwa na miaka sita Baba aliamua mkono wangu wa kushoto ni mkono wa shetani. Kila asubuhi kabla ya shule ulifungwa kwenye mkanda wangu kwa kamba. Baba hakuwa anafunga mwenyewe. Ulifunga wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mbili, ulikuwa unanifunga bila kunitazama usoni. Miaka miwili. Ninaandika barua hii kwa mkono wa kulia, na mpaka leo mkono huo unajua kwamba kazi hii si yake.

Sikuambii ili kukuumiza. Nilipokuwa na Norris kwenye simu nilijiona nafanya kitu kilekile. Mtu aliyeogopa alinipa kamba nikufunge, nami nikaipokea bila kukutazama.

Basi. Ijumaa hii linaondoka sanduku kwa treni, lichukue stesheni. Ndani yake kuna bunduki niliyoitengeneza kwa ajili yangu mwenyewe mwaka arobaini na saba. Haina mkono wa kukokia pembeni. Chini ya kifyatulio kuna wenzo. Ukiusukuma chini, kizibo cha chuma kinashuka, unaingiza risasi moja kwa kidole. Ukiurudisha, kizibo kinapanda na kufunga. Haijui kulia wala kushoto. Mtutu ni wa Hornet, inchi ishirini na mbili. Kitako ni cha mti wa jozi, nimekikata upya kwa kipimo chako, na ule mwinuko wa kuegemezea shavu nimeuhamishia upande mwingine. Uzito ni ratili tano na robo tatu. Nimetoa kilengeo cha zamani nikaweka tundu dogo karibu na jicho. Usilitazame tundu. Tazama kupitia tundu, jicho lenyewe litapata katikati.

Inabeba risasi moja tu. Utakuwa na mmoja wa kupiga, kisha utafikiri kabla ya wa pili.

Wiki ya kwanza usiweke risasi kabisa. Simama jikoni, inua, lenga msumari ukutani, shusha. Mara hamsini kwa siku, bega la kushoto, mpaka mwili usahau ulikuwa na lingine. Ya pili, piga kopo kwa hatua thelathini ukiwa umeketi. Usipige chochote chenye maji nyuma yake, hata kwa hii.

Norris nimemwandikia kwamba nimevunja ahadi.

Iver


Shambani
Jumapili, 29 Juni 1958

Mdogo wangu,

Hatujambo. Lusini ya kwanza imekatwa na imekauka bila kunyeshewa, jambo ambalo halijatokea tangu Halvor afariki. Wifi nimemwekea siagi.

Nilifanya ulivyosema. Nililenga msumari wa jikoni mpaka nikauchukia. Siku za kwanza bunduki ilipanda bega la kulia yenyewe, kama ng'ombe anayeingia banda lake la zamani, na nilikuwa naitazama kwa jicho lililokufa, naona giza. Nililia mara moja, kwa hasira. Wiki ya pili nilipiga kopo. Ya tatu nilipiga kindi, na baada ya hapo nilikuwa kwenye tuta kila asubuhi baada ya kukamua. Iver, ile bunduki ni nyepesi kule inakotakiwa kuwa nyepesi. Naibeba maili mbili na sikumbuki kama nimeibeba. Nimekula sungura mara mbili wiki hii.

Tarehe kumi na tisa, saa tano asubuhi, niliona unyevu upande wa nje wa tuta, mahali ambapo hapakuwa na sababu ya unyevu. Nyegere alikuwa amechimba kutoka upande wa nje, na maji yalikuwa yanakaribia kumpata. Nisingekuwa natembea pale kila siku nisingeona. Na siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, Norris alikuwa langoni na lori. Alikuja kuzungumza nami kwa mara ya mwisho, hivyo ndivyo alivyoita. Nilimwambia mazungumzo baadaye, achukue marobota ya majani. Tulisukuma marobota ndani ya shimo, tukapigilia nguzo, tukajaza udongo wa mfinyanzi. Yeye alisimama majini mpaka kiunoni kwa saa nne na viatu vyake vya ofisini. Tuta lilishika.

Kesho yake asubuhi nyegere alirudi kufukua. Norris alikuwa nyuma yangu na kikombe cha kahawa. Niliketi, nikalenga, nikamuua kwa risasi moja. Alikuwa hatua sabini. Norris aliweka kikombe chini kwenye nyasi. Kisha akasema, "Ningekuhamisha, tuta lingevunjika." Nikamwambia ndiyo. Akaondoka na lori tupu.

Orval Stitt alikagua Alhamisi. Alitembea tuta lote akitafuta kosa, na mashimo yote yalikuwa yamezibwa. Akauliza nani ananipigia. Nikamwambia ni mimi. Akacheka akataka nimwonyeshe, akaweka kopo juu ya nguzo. Nikamwambia risasi zangu si za maonyesho, akitaka kuona aketi kwenye nyasi angoje kama ninavyongoja mimi. Aliketi, na suruali yake safi. Tulikaa karibu saa nzima, mbu wakimla. Kindi alipoinuka, alikuwa mbali kuliko ambavyo ningependa. Nilingoja ashuke atembee mpaka karibu na jiwe. Hapo nikampata. Orval akatia sahihi, kisha akauliza kwa sauti ndogo bunduki hiyo inapatikana wapi, mkewe anasumbuliwa na kindi bustanini.

Sasa kuhusu kamba.

Baba alikuwa ananikabidhi ile kamba asubuhi, na jioni alikuwa anaikagua. Nilikuwa nafunga fundo linaloonekana kali kwa nje. Lilikuwa legevu, Iver. Kila siku kwa miaka miwili. Ungevuta kidogo tu mkono ungetoka. Sikukutazama usoni kwa sababu ningekutazama Baba angejua. Nilikuwa nangoja uvute. Hukuvuta hata siku moja, nami nikakukasirikia kwa hilo, na hasira hiyo nimeishi nayo mpaka nilipopata barua yako. Nilipaswa kukuambia.

Dada yako,
Ragna


Lewiston
12 Julai 1958

Dada yangu,

Siagi imefika, nusu imeyeyuka, Wilma amefurahi vilevile.

Barua yako nilikwenda nayo mpaka mtoni ili niisome peke yangu.

Nilijua ni legevu. Niligundua wiki ya kwanza. Nilikuwa natoa mkono mara tu tulipopita kona ya shule, na nilijifunza kuandika kwa kushoto nyuma ya banda la kuni, kwa mkaa juu ya mbao. Kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa naurudisha ndani ya kamba. Nilidhani wewe hujui kufunga fundo, na nilikuwa nahofia Baba akigundua atakuadhibu wewe. Kwa hiyo sikusema.

Mistari hii ya mwisho nimeiandika kwa mkono wa kushoto. Ona ilivyo mizuri.

Iver


Shambani
Jumapili, 7 Septemba 1958

Mdogo wangu Iver,

Mistari yako nimeiona. Ni mizuri kuliko ya mchungaji. Nilimwonyesha Eulalie, naye akauliza kwa nini nacheka na kufuta pua kwa wakati mmoja.

Habari za hapa ni njema kwa sehemu kubwa. Lusini ya pili imeingia ghalani. Kindi wamelala ardhini tangu mwishoni mwa Julai, kwa hiyo mimi na bunduki tumehamia kwa sungura na kwa kicheche mmoja aliyejiona ana haki ya mayai yangu. Mke wa Norris amejifungua mtoto wa kike. Wamemlaza kwenye kile chumba cha njano. Walimpa jina langu, ingawa niliwaonya.

Nina moja la kukuambia, nalo nakuambia mapema ili tusirudie mambo ya mwaka huu. Wiki iliyopita nilikwenda Havre. Presha imeanza jicho la kushoto. Daktari ameongeza matone na anasema huenda yakaizuia, huenda yakaichelewesha tu. Nilimuuliza muda gani, akatazama dirishani. Nikamwambia mimi si mtoto. Akasema pengine miaka mitatu, pengine mmoja.

Norris nilimwambia mwenyewe, kwa simu, kabla hajasikia kwa mtu. Nilingoja anitajie tena Great Falls. Akauliza kama nataka avute waya kando ya tuta, kutoka langoni mpaka lango la maji, wa kushika kwa mkono nitakapouhitaji. Nikamwambia ndiyo, avute, na aukaze. Anakuja wiki ijayo na nguzo. Tumekubaliana pia juu ya bunduki. Nimechora alama kwenye ghala kwa hatua sitini. Kila Jumapili nitaitazama kupitia tundu, na siku nisipoiona, siku hiyo naitundika na kukurudishia risasi zilizobaki. Hakuna atakayenizuia kutazama, na hakuna atakayetazama badala yangu.

Mpaka siku hiyo mimi niko hapa. Kindi wataamka mwezi wa tatu, na mfereji hautangoja macho ya mtu. Kwa hiyo acha kuniandikia habari za pole, maana najua unatafuta maneno yake sasa hivi, na tuma risasi za Hornet. Mia tatu. Ukiona ni nyingi kwa mwanamke wa hali yangu, tuma mia nne.

Ragna